Chakula cha Annika Rudd

Mtumbwi ulikutwa umepinduka kwenye matete, upande wa mashariki wa Ziwa Harlan, na begi jekundu la Annika Rudd likielea karibu yake. Vitu hivyo viwili vilitosha kumfanya kila mwenye sare atazame majini. Wapiga mbizi walikuwa wameshuka na kupanda, boti zilikuwa zikikokota kulabu polepole kama watu wanaolima, na mbwa wa kunusa alikuwa amelala kwenye gati la mbao akisubiri kupakiwa.

Mpelelezi Doreen Haugen alitazama juu. Wingu lilikuwa limeshafika mabegani mwa mlima. Kufikia jioni lingetua ziwani, nalo lilikuwa limebeba theluji ya kwanza ya Septemba.

"Helikopta itaruka mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka rubani aseme basi," alijibu Brandvold, mkuu wa doria wa hifadhi, mtu mrefu aliyezoea kuzungumza na watu huku akitazama kitu kingine. "Na ameshaanza kulalamika. Nimemwambia azunguke ufukweni."

"Kama huyu mama yumo ziwani, afande, ameshakufa. Maji haya ni barafu iliyoyeyuka. Tukimwopoa leo au kesho, kwake ni mamoja."

"Kamwambie mama yake mzazi maneno hayo."

"Nitamwambia, nikiwa na hakika. Maiti husubiri. Aliye hai hasubiri. Kama kuna mahali pengine anapoweza kuwa, helikopta ianzie huko."

"Mahali gani?"

"Nipe muda nipatafute."

"Muda anao huyo," Brandvold alisema, akionyesha wingu kwa kidevu. "Kamwombe yeye."

Garth Rudd, mdogo wake Annika, alikuwa ameketi kwenye meza ya mbao ya kiwanja chao, blanketi mabegani, kikombe cha kahawa mikononi. Nyuma yake lilisimama hema la kijani chini ya misonobari, na pembeni ya hema kabati la chuma la kuhifadhia chakula, lenye komeo ambalo dubu hawezi kulifungua. Kila kiwanja cha kambi ya Harlan kina kabati kama hilo. Garth alikuwa mtu wa makamo, mpana, mwenye ndevu zilizoanza kuwa na mvi. Alivaa ndala za kambini.

"Nieleze tena, Bwana Rudd. Bila haraka."

"Nimeshaeleza mpaka nimechoka."

"Mimi sijakusikia nikiwa nimekaa."

Garth alipumua. "Niliamka, dada hayupo. Mtumbwi haupo, begi halipo, fimbo ya kuvulia haipo. Nikajua ameenda kuvua. Kila mwaka tukija, asubuhi ya kwanza ni ya kuvua. Nikachemsha kahawa, nikanywa, nikarudi kulala. Nilipoamka mara ya pili jua limeshavuka, na yeye kimya. Ndipo nikaenda kwa yule mzee pale langoni."

"Alichukua chakula?"

"Alitengeneza jana usiku. Mkate wa nyama ya bata mzinga na tofaa. Anatia kwenye mkebe wake wenye jina. Alikuwa mwalimu yule, kila kitu chake kina jina. Hata mimi utotoni alinibandika jina."

"Akauweka kwenye begi?"

"Angeuweka wapi?"

"Nawe ulikuwa hapa muda wote."

"Hapa, na chooni. Hata hilo kabati sijaligusa tena tangu kahawa ya asubuhi."

Haugen alimshukuru. Maelezo yalikuwa mafupi na yaliungana vizuri. Upepo wa Harlan huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo mtumbwi uliopinduka popote ungesukumwa mpaka kwenye yale matete. Hakuna lililokataa.

Aliyefuata alikuwa jirani wa kiwanja cha pili, Duane Fosse, fundi wa magari aliyekuja peke yake na jenereta, spika na makreti ya bia. Watu watatu tofauti walikuwa wameshamtaja kwa askari. Jana yake, mbele ya kambi nzima, alikuwa ametishia kumtosa Annika Rudd.

Alimwona Haugen akija, akainua mikono yote miwili.

"Nilijua tu. Ndiyo, nilisema. Nilimwambia nitamtupa ziwani na spika nimfungie shingoni. Yule mama alikuja akanizimia jenereta yangu, kwa mkono wake, kama nyumba ni yake! Akaniambia, kijana, milima ina sauti yake, iache iseme. Nikamwambia milima haina bia."

"Ukamtupa?"

"Mama, mimi jana nilikunywa mpaka nikaanza kuiomba misonobari msamaha. Asubuhi hata soksi nisingeweza kuitupa."

"Uliamka lini?"

"Sikuamka, niliamshwa. Hilo kabati lao la chuma. Paa! Nikahisi limefungwa ndani ya kichwa changu. Nikachungulia nje nimtukane mtu, nikamwona huyu bwana mwenye ndevu anatoka pale. Akanipungia mkono. Ukipungiwa mkono huwezi tena kutukana."

"Alikuwa akichukua jiko la kahawa?"

"Sikuona amebeba kitu. Na kahawa ya nini mchana?"

"Umejuaje kuwa ni mchana?"

"Jua lilinipiga machoni kutoka kule ng'ambo," alisema Fosse, akionyesha magharibi, juu ya maji. "Asubuhi mlango wangu huu ni giza tupu, ndiyo maana nilikichagua kiwanja hiki. Mimi si mjinga wa kila kitu."

Haugen alisimama mlangoni pa hema lile akatazama alikoonyeshwa. Nyuma ya hema palikuwa na ukuta wa miti na mwamba; jua la asubuhi lisingepita hapo. Fosse hakuwa na sababu ya kusema uongo juu ya mlio wa kabati, na Garth alikuwa na muda wa kutosha kuutaja akauacha.

Alikwenda langoni kumwita Orville Stenerud. Mzee huyo na mkewe walikuwa waangalizi wa kujitolea wa kambi, wakiishi majira yote ya kiangazi kwenye nyumba yao ya magurudumu. Kazi yake kubwa ilikuwa kuzunguka viwanjani na kuwagombeza wageni wanaoacha chakula mezani.

"Nataka shahidi, mzee. Nafungua kabati la kina Rudd."

"Utakuta limepangwa kama duka la dawa, binti. Hawa nawajua. Sijawahi kuokota hata ganda la yai kwenye kiwanja chao. Wengine humu wanaacha soseji nje, halafu dubu akija wanataka mimi ndiye nikamtoe."

"Dubu ameonekana leo?"

"Jike na watoto wake, kule kwenye mchanga karibu na matete, asubuhi. Ameninyima raha. Mwaka juzi tulipigiwa mmoja risasi kwa sababu ya mfuko wa karanga. Karanga! Mtu kazisahau mfukoni mwa koti."

Hilo halikuhitaji maelezo kwa yeyote aliyelala Harlan. Dubu akishaonja chakula cha mtu hurudi, na akirudi hupigwa. Watoto wa sehemu zile hufundishwa jambo hilo kabla ya kufundishwa kufunga kamba za viatu.

Haugen alivaa glavu, akapiga picha, akainua komeo. Kila kitu kilikuwa mahali pake: jiko dogo, sufuria, sanduku la barafu, sabuni, dawa ya meno, mafuta ya midomo, mtungi wa maji. Alivitoa kimoja kimoja na kuviweka juu ya turubai. Nyuma ya mtungi, umesukumwa mpaka kwenye ukuta wa chuma, palikuwa na mkebe wa bati wenye utepe mweupe. Kwenye utepe, kwa herufi za ubaoni, paliandikwa A. RUDD.

"Lo," alisema Stenerud. "Kausahau mama wa watu. Kaenda kuvua na njaa."

Haugen aliufungua. Mlikuwa na nusu ya mkate, alama za meno zikionekana pembeni, na kiini cha tofaa kilichofungwa vizuri kwenye karatasi, kama wafungavyo watu wasiotupa takataka njiani. Juu yake palijaa hakleberi, yale matunda madogo ya zambarau yanayoota mlimani, yaliyochumwa karibuni, baadhi yakiwa bado na majani. Maji yake yalipaka rangi kidole cha glavu.

"Hakuusahau," alisema Haugen. "Alikwenda nao akala. Mzee, hakleberi bado zipo huku chini?"

"Huku? Dubu walizimaliza Agosti. Sasa zimebaki juu kabisa, karibu na Pengo la Mbuzi, theluji inakochelewa kuondoka. Ukizitaka ulipe kwa magoti."

"Na jana hawakupanda huko?"

"Jana wapande saa ngapi? Walifika jua likizama. Nilimshikia Garth tochi akipigilia vigingi vya hema."

Stenerud alikuwa mzee lakini hakuwa mzito wa kufikiri, na uso wake ulibadilika kabla Haugen hajauweka mkebe kwenye mfuko wa ushahidi.

Begi jekundu lilikuwa gatini, limewekwa juu ya gunia ili likauke. Haugen alilikagua mfuko kwa mfuko. Alikuta koti la mvua, sweta, filimbi, bandeji, chupa ya maji na kopo la pilipili ya kufukuzia dubu. Hapakuwa na chakula chochote, hata karatasi ya peremende. Akamwita Brandvold kando.

"Alipanda Pengo la Mbuzi leo," alisema. "Begi lilipanda naye. Begi limerudi, mkebe umerudi, yeye hajarudi."

Brandvold alisikiliza mpaka mwisho bila kutazama pengine, jambo ambalo kwake lilikuwa heshima.

"Anaweza kuwa alirudi mwenyewe," alisema. "Akaweka mkebe kabatini, akachukua mtumbwi, akazama."

"Aliyefunga kabati mchana ni Garth. Fosse alimwona. Na Garth anasema hakuligusa."

"Fosse alikuwa amelewa."

"Alikuwa na kichwa kinachouma. Ni hali nzuri sana ya kukumbuka kelele."

"Haya. Tuseme Garth ndiye aliyeutuma mtumbwi ziwani na begi humo, ili tutafute huku. Si angeuacha tu mkebe ndani ya begi? Uongo wake ungekamilika. Mtu anayepanga jambo kama hilo anauondoa mkebe kwa sababu gani?"

"Wewe ungeuacha?"

Brandvold alifungua mdomo. Alitazama upande wa mashariki, kwenye matete, ambako kila kinachoelea Harlan hufika mwishowe, na ambako dubu hushuka kunywa maji. Alikuwa ameishi ndani ya hifadhi maisha yake yote ya kazi.

"Hapana," alisema hatimaye. "Nisingeuacha."

"Wala yeye. Aliweza kumwacha dada yake. Mkate hakuweza."

"Mungu wangu." Brandvold alivua kofia, akaivaa tena. "Lakini njia ya Pengo ni ndefu, Doreen, na ina makorongo pande zote. Wingu limeshuka. Rubani atapita mara moja tu, basi. Nikimpa mlima mzima, hataona kitu. Nipatie mahali."

Mahali palijulikana na mtu mmoja. Sheria ilimtaka Haugen amsomee Garth haki zake kabla ya kumhoji kama mtuhumiwa. Akimsomea, huenda akaomba wakili na kunyamaza, na wakili wa karibu alikuwa nyuma ya milima. Asipomsomea, hakimu angeweza kuyatupa majibu yake yote. Hasara ya kwanza ingekuwa ya mtu, ya pili ya kesi. Haugen alichagua ya pili na hakuomba ruhusa.

Aliketi mbele ya Garth, akauweka mkebe mezani ndani ya mfuko wake wa plastiki, redio pembeni.

"Huu ni wa nani?"

Garth aliutazama. "Wa dada."

"Ulikuwa kabatini."

"Basi aliusahau."

"Baada ya kula nusu?"

"Chakula cha jana hicho."

"Jana mlifika jua likizama. Hakleberi hizi zimechumwa leo, na hazipatikani chini ya Pengo la Mbuzi."

"Labda alinunua njiani. Watu wanaziuza barabarani."

"Na majani yake? Wauzaji huziosha." Haugen hakuongeza sauti. "Garth, nisikilize. Sikuulizi kwa nini. Hilo lina siku yake. Nakuuliza wapi. Ukiendelea kusema ziwani, boti zile zitaendelea na helikopta itatua. Usiku theluji itafunga njia. Watu watampata dada yako majira ya kuchipua, na daktari atampasua aseme kama aliuawa na kuanguka au na baridi. Ungependa aseme ipi?"

Garth alishika ukingo wa meza. Ziwani, boti moja iligeuka na kuanza mstari mpya.

"Kama ni baridi," Haugen aliendelea, "basi alikuwa hai sasa hivi, tukiwa tumekaa hapa tunazungumza habari za hakleberi."

"Mikono iliutoa yenyewe," alisema Garth. Sauti yake ilitoka chini. "Nilikuwa nalitupia begi mtumbwini. Nikasikia mkebe unalia ndani. Sikufikiri kabisa."

"Najua. Wapi?"

"Chini ya Pengo. Njia inapokatiza mkondo wa theluji, pale theluji hushukia, kuna msonobari mkavu umesimama peke yake. Hapo. Kushoto ukiwa unapanda. Aliporomoka na mawe mpaka kwenye kichaka."

Haugen alibonyeza redio, akarudia maneno yale kama alivyoyasikia: mkondo wa theluji, msonobari mkavu, kushoto, kichaka. Brandvold alijibu kwa neno moja. Muda mfupi baadaye helikopta iliinuka nyuma ya miti, ikaegemea upande na kuelekea mlimani, na wingu likaipokea sehemu ya juu.

"Tuligombana," Garth alisema, ingawa hakuulizwa. "Habari za mama. Alisema atamhamishia kwake na mimi nisikanyage. Akanishika mkono, nikajitoa. Nilijitoa tu, sikumsukuma. Na mimi nina hukumu ya kumpiga shemeji, hakimu aliniambia nikirudi mbele yake kwa jambo lolote la ugomvi sitoki. Nani angeniamini?"

"Ulishuka alipoangukia?"

"Nilishuka. Nilimwita, nikamtikisa. Hakuwa akipumua. Naapa, mama, dada alikuwa amekwisha. Kama angekuwa hai ningembeba mgongoni."

Maelezo hayo yangeweza kuwa ya kweli. Watu walioanguka hupoteza fahamu, na mwenye hofu si daktari. Kama ndivyo ilivyokuwa, Garth alikuwa mwoga na mwongo, na sheria ina adhabu ndogo kwa waoga.

Walisubiri. Stenerud alikuja akasimama mbali kidogo, mikono nyuma. Fosse alikuwa amezima jenereta bila kuambiwa. Boti ziliendelea kukokota kwa sababu hakuna aliyeziagiza zisimame.

Redio ilikwaruza. Ilikuwa sauti ya Ilse Cormier, mwokoaji aliyekuwa ndani ya helikopta.

"Tumeuona mti. Nashuka kwa kamba."

Garth alikuwa ameikazia macho redio kama mtu anayesubiri sufuria ichemke.

"Yu hai," alisema Cormier. "Narudia, yu hai. Nyonga imevunjika, amepoa vibaya, lakini anazungumza. Namfunga kwenye machela sasa hivi. Mwambieni daktari awe tayari gatini."

Kutoka upande wa gati watu walipiga kelele. Stenerud alijifuta uso kwa kofia. Garth aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa meza, na mabega yake yakaanza kutikisika. Haugen alichukua hilo kuwa ni shukrani. Ulikuwa ni uamuzi wa haraka, na haukudumu.

"Afande Haugen," Cormier aliendelea, akipaza sauti juu ya upepo wa mapanga ya helikopta. "Anamuulizia mdogo wake. Anasema alimtuma akaite watu. Alimwambia achukue na begi, dubu wasije wakafuata chakula yeye akiwa amelala pale hawezi kujisogeza. Naye akamwahidi atarudi na watu. Ana wasiwasi huenda ameanguka njiani, maana amekawia."

Haugen alimtazama Garth Rudd. Mabega yalikuwa yametulia, lakini kichwa hakikuinuka.

"Uliniambia hakuwa akipumua."

Garth alijikunyata ndani ya blanketi.

"Alizungumza nawe. Alikupa maelekezo, nawe ukaahidi. Koti lake na filimbi vilikuwa ndani ya begi ulilochukua."

Mkono mmoja wa Garth ulikuwa umelala mezani, kiganja juu, kama wa mtu anayesubiri kuwekewa kitu.

"Uliyoniambia mimi, hakimu anaweza kuyatupa," Haugen alisema. "Haya yametoka kwake."

"Afande?" sauti ya Cormier ilirudi. "Anauliza tena, hataki kutulia. Nimwambie nini?"

Haugen alishika redio bila kuibonyeza. Kulikuwa na mambo mengi ambayo yangeweza kusemwa, na karibu yote yangemfikia mtu aliyevunjika nyonga, akining'inia kwenye kamba ndani ya wingu. Alitafuta lile ambalo lilikuwa kweli na lingeweza kubebwa.

"Mwambie amefika salama."

Aliizima redio, akavuta kiti karibu, na kuanza kumsomea Garth Rudd haki zake.